Ndege Ikishapita

Kwenye ramani ya sumaku, pwani ya Quionga, kaskazini kabisa mwa Msumbiji, haina makeke. Chini ya minazi, mikoko na mchanga wake kumelala mashapo ya bonde la Ruvuma yenye unene wa kilomita kadhaa, na miamba mikongwe yenye chuma imezikwa chini mno, kiasi kwamba chombo kilichofungwa kwenye ndege huipata kwa mbali sana. Rangi za ramani huwa laini, zimetandazwa bila mkunjo. Ukivuta jicho kusini-magharibi, kuelekea Ancuabe, Montepuez na Balama, picha inabadilika. Mistari inajipinda, inakatika, inaibuka tena mbele, kwa sababu huko miamba ya Ukanda wa Msumbiji, iliyopitia joto na mgandamizo mkali zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, iko karibu na uso wa ardhi au imechomoza kabisa. Mtu aliyeketi ofisini na ramani hiyo anaweza kuzungushia kalamu nyekundu sehemu kumi kwa dakika chache. Kazi ninayotaka kuisifu inaanza pale kalamu inapowekwa chini.

Kwanza tuelewane kuhusu mahali. Quionga, au Kionga kama wengi wa upande wa Mtwara tunavyoandika, iliwahi kupita mikononi mwa wakubwa wawili. Wajerumani waliishika mwaka 1894, pembetatu ya kama kilomita za mraba 400 kusini mwa mdomo wa Ruvuma. Wareno wakaichukua tena Aprili 1916, na mwaka 1919 mataifa yaliyoshinda vita yakawathibitishia. Kwa furaha ya ushindi ule, stempu za Lourenço Marques, Maputo ya leo, zikagongwa chapa ya neno KIONGA, na leo wanaozijua ni wakusanyaji wa stempu tu. Nayataja haya kwa sababu moja. Ramani za madini za kingo mbili za Ruvuma zimechorwa na serikali mbili, kwa lugha mbili, katika miaka tofauti, ilhali miamba ni ileile. Kwa hiyo nitauvuka mto kila nitakapohitaji.

Upande wa Tanzania, nchi karibu yote ilipimwa kwa ndege mwishoni mwa miaka ya 1970, kazi iliyofanywa na kampuni ya Geosurvey International. Ndege ilipita juu ya ardhi kwa kimo cha takriban mita 120, na kati ya mstari mmoja na mwingine iliachwa kilomita moja. Ilibeba kipima sumaku na kipima mnururisho. Upande wa Msumbiji, vita vya miaka 16 vilipokwisha mwaka 1992 kulikuwa na deni kubwa la ramani, na mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa msaada wa Benki ya Dunia na wafadhili wengine, ndege zilirushwa tena na nchi ikachorwa upya. Wanajiolojia kutoka Norwei na Uingereza, pamoja na wenzao wa Msumbiji, waliikanyaga kaskazini na kutoa ramani za kipimo cha 1:250,000.

Kilomita moja kati ya mistari ni pengo kubwa. Bomba la kimbalaiti lenye almasi linaweza kuwa na upana wa mita 200 tu, na likikaa katikati ya mistari miwili ndege inaweza kulipita kulia au kushoto bila kulitambua. Kipima mnururisho nacho hakipimi nukta. Kinasoma mara moja kila sekunde, na katika sekunde ile ndege imekwenda mita sitini au sabini, huku miali ikitoka kwenye eneo la upana wa mamia ya mita chini yake. Hivyo doa jekundu unaloliona kwenye ramani ni wastani wa mtaa mzima, na lililo muhimu huenda ni kichochoro kimoja ndani yake.

Halafu kuna jambo ambalo vijana wa leo, waliozaliwa na setilaiti mfukoni, hawaliwazii. Zamani zile ilibidi kwanza utafute ndege ilikuwa wapi. Kamera iliyofungwa tumboni mwa ndege ilipiga picha za njia, na mtu alikaa mezani akilinganisha picha hizo na picha za anga za eneo: mbuyu huu hapa, makutano ya korongo haya hapa. Akikosea kidogo, doa linahama mita mia moja au zaidi. Mwanajiolojia wa mguu aliingia porini na picha za anga zilizopangwa mbili mbili ili azitazame kwa stereoskopu na kuona milima ikisimama. Alipofika mahali na kuwa na uhakika napo, alitoboa picha kwa pini, akaigeuza, na kuandika namba nyuma ya kitundu. Nimewahi kushika picha ya namna hiyo na kuinyanyua juani. Vitundu vinapitisha mwanga, na unaiona safari ya mtu aliyekwenda kwa mguu kutwa nzima. Sijaona bado programu ya kompyuta inayoonyesha jasho vizuri namna hiyo.

Sasa tumfuate mbeba magnetomita, maana ndiye huanza. Asubuhi hujivua chuma chote: mkanda wenye kifungo, funguo, simu, saa, kisu, buti zenye bamba kwenye vidole, na wengine hata miwani. Mwenye panga anatangulia mbali mbele. Mwenye nyundo anafuata nyuma, na hakaribii mpaka aitwe. Mikuza, yaani njia zilizofyekwa porini kwa mstari, imekwishakatwa, myembamba, ikikingama na mwelekeo wa miamba, kwa sababu ukitembea sambamba na tabaka utakwenda nalo siku nzima bila kujua lilianzia wapi wala linaishia wapi. Vigingi vimepigwa kila mita 25, au kila mita 10 pale penye mashaka. Anasimama, anatulia, anaelekeza kitambuzi kilicho juu ya fito, anabonyeza, anasubiri, anasoma. Hatua. Anasimama tena. Magnetomita za zamani za protoni zilikuwa na chupa ya kimiminika chenye hidrojeni nyingi, na mafuta ya taa yalitumika sana, yaleyale ya kwenye kibatari. Napenda sana kwamba dunia ilipimwa kwa mafuta ya taa.

Nguvu ya sumaku ya dunia katika ukanda huu iko kati ya nanotesla 30,000 na 35,000. Kinachotafutwa kinaweza kuwa tofauti ya makumi machache tu. Na hapo ndipo jua linapoingilia kati, kwa sababu nguvu hiyo hupanda na kushuka mchana kutwa kwa makumi ya nanotesla, na siku ya dhoruba ya jua huruka mamia. Ndiyo maana chombo cha pili huachwa kambini, chini ya mti, mbali na barabara na mabati, kikisoma peke yake bila kusogezwa. Jioni masomo ya mkuza husahihishwa kwa masomo ya kambini. Mvuvi wa Quionga ataelewa bila kufundishwa: hupimi kina cha maji ukakiamini kabla ya kujua kama bahari inajaa au inakupwa. Dhoruba ikitokea, siku hiyo yote hutupwa. Watu wamekata msitu, wametembea juani, wamechomwa na upupu, na jioni kiongozi anasema kesho tunarudia kuanzia kigingi cha kwanza. Asiyeweza kulipokea neno hilo bila kununa kazi hii haimfai.

Kuna hila nyingine ya kusini mwa ikweta ambayo vitabu vya Ulaya huieleza kinyumenyume. Huku mistari ya sumaku ya dunia inachomoka ardhini ikielekea juu upande wa kaskazini, kwa hiyo jiwe lenye magnetaiti hutoa kilele upande wake wa kaskazini na bonde upande wa kusini, na lenyewe limejificha kati ya hivyo viwili. Anayekimbilia kilele na kupiga kigingi cha kuchoronga hapo anaweza kulikosa kabisa. Mzoefu huchora mchoro wa mkuza kwa mkono, anautazama kilele na bonde kwa pamoja, kisha anarudi porini kutembea kidogo kusini mwa pale ambapo mwanafunzi angesimama.

Na si kila kilele ni jiwe. Laterita yenye chuma, ile ngozi ngumu nyekundu inayofunika vilima vingi vya Lindi na vya Cabo Delgado, mkoa wa Quionga, huchafua masomo kwa vilele vidogo vidogo visivyo na kina. Bati la nyumba iliyobomoka, daraja la chuma, lori lililokufa tangu vita, vyote huonekana. Kwa hiyo daftari la mbeba magnetomita huwa na ukurasa wa pili usio wa namba. Hapo ameandika: kigingi 14, kulia, mita nane, bati. Ukurasa huo ndio unaomtofautisha fundi na mbebaji.

Mnururisho una tabia zake. Miali ya gamma inayofika kwenye chombo hutoka sentimita 30 au 40 za juu tu za ardhi. Weka nusu mita ya mchanga juu ya mwamba wenye urani na ndege itapita ikikuambia hakuna kitu. Mvua ikinyesha, uzao wa gesi ya radoni uliokuwa hewani huoshwa ukatua juu ya udongo, na chombo kikaona urani isiyokuwepo. Hivyo watu hukaa chini ya turubai kwa saa kadhaa baada ya mvua kukatika, wakinywa chai, na mwenye fedha zake akiwaona atadhani wanamlia mshahara.

Mfano mkubwa wa ukanda wetu ni Mto Mkuju, wilaya ya Namtumbo, ndani ya michanga migumu ya Karoo. Baada ya ndege ya miaka ya 1970, Wajerumani wa kampuni ya Uranerzbergbau walifuata madoa ya mnururisho kwa miguu na kuyakuta kweli yana urani. Bei ya dunia ikaanguka, wakafunga virago. Ripoti zikabaki kabatini. Miaka ya 2000 bei ilipopanda, Mantra Resources ya Australia ikarudi kwenye madoa yaleyale, ikayachoronga, na eneo la Nyota likawa hazina inayojulikana duniani. Mwaka 2011 kampuni hiyo ikanunuliwa na Warusi wa ARMZ, na mwaka 2012 Kamati ya Urithi wa Dunia ikakubali mpaka wa pori la Selous usogezwe ili mgodi ubaki nje. Mtu anaweza kuwa na maoni yake kuhusu uamuzi ule, nami ninayo, si mazuri. Lakini upande wa ufundi, tazama urefu wa uzi: doa lililoonekana kutoka angani, likakanyagwa, likaandikwa vizuri, likasubiri zaidi ya miaka ishirini, na aliyelirudia hakulazimika kuanza gizani.

Anayefuatilia urani kwa mguu hubeba spektromita kwa kimo kilekile muda wote, kwa kawaida usawa wa kiuno, kwa sababu kuinama tu hubadilisha namba. Wanaochimba mashimo ya majaribio hukutana na mtego ambao naupenda kwa ujanja wake. Unaposhuka shimoni na chombo, namba hupanda. Furaha inatanda. Kumbe hakuna lililobadilika isipokuwa kwamba juu ulizungukwa na ardhi upande wa chini tu, na sasa umezungukwa pande zote, kwa hiyo miali inakujia kutoka kila ukuta. Namba inaweza kukaribia maradufu ndani ya udongo uleule. Kisha kuna mtego wa pili, ulio mzito zaidi: chombo hakiioni urani yenyewe, kinaona bismathi iliyozaliwa nayo baada ya vizazi kadhaa. Maji ya ardhini yanaweza kuwa yameishaichukua urani yakaacha nyuma wazao wake wanaoendelea kuizaa bismathi hiyo. Kwa hiyo sampuli lazima iende maabara, na mpaka majibu yarudi, mtu wa kweli hasemi amepata.

Kinywe, yaani grafiti, ndicho kinachonifurahisha zaidi, pengine kwa sababu ni madini ya ukanda huu hasa, kuanzia Mahenge na Ruangwa hadi Ancuabe na Balama, na kwa sababu ndege na mguu hugombana sana juu yake. Kinywe hupitisha umeme. Helikopta inayoburuta pete kubwa ya nyaya angani hutuma mapigo ya umeme-sumaku ardhini, na kila kinachopitisha umeme hujibu. Shida ni kwamba salfaidi zenye nikeli nazo hujibu. Nachingwea, ambako kilima cha Ntaka kina nikeli, watafutaji walimjua kinywe kama tapeli: unapata jibu zuri kutoka angani, unakata mkuza, unalaza waya wako mraba wa mamia ya mita, unapima, jibu linarudi vilevile zuri, unachimba mtaro, na unatoka na mikono myeusi. Baadaye betri za magari ya umeme zikapandisha thamani ya kinywe, na tapeli akawa mwenyeji. Mradi wa Chilalo, Ruangwa, ulizaliwa katika eneo hilohilo.

Mkono mweusi ndio ushahidi ninaotaka msomaji auone kwa karibu. Mtaro wa kina cha mita moja na nusu umekatiza tabaka. Udongo wa juu ni mwekundu, chini yake wa kahawia, kisha ghafla kuna ukanda wa kijivu unaong'aa kama umepakwa mafuta. Mtu anaingia, anaugusa kwa kidole gumba, anakisugua kwenye karatasi ya daftari. Mstari wa penseli unatokea. Hapo ndege imeishamaliza mchango wake, maana haijui lolote kuhusu swali linalofuata, nalo ndilo la pesa: vipande vya kinywe ni vikubwa kiasi gani? Bei hupanda kwa ukubwa wa kipande. Kwa hiyo anatoa lenzi, anaisogeza jichoni hadi kope zinaigusa, anausogeza mwamba hadi unatulia, na anatafuta vile vigamba vinavyomeremeta. Anapima mwelekeo wa tabaka na mwinamo wake kwa dira, anaandika, anasogea nusu mita. Balama, ambako Syrah Resources ilianza uzalishaji mwishoni mwa 2017, ni moja ya hazina kubwa kabisa za kinywe duniani. Ancuabe ilikuwa na mgodi tangu miaka ya 1990. Kote huko, kabla ya mitambo, mtu alisugua kidole kwenye karatasi.

Rubi ya Montepuez, kwa upande wake, haikuhitaji ndege. Mwaka 2009 wenyeji waliiona udongoni, na wachimbaji wadogo wakafurika kabla kampuni hazijajipanga. Vito hivyo havipitishi umeme wala havitoi mnururisho wa kutajika. Watu wa vyombo hukasirika ukiwakumbusha.

Turudi pwani, maana nimeisema Quionga kuwa haina makeke na sitaki ionekane nimeidharau. Mbinu zile za nikeli na kinywe hapa hazifai kitu. Maji ya chumvi yameingia chini ya mchanga, na chumvi hupitisha umeme vizuri mno, hivyo pete ya helikopta ingeimba pwani nzima. (Kwa anayetafuta mpaka kati ya maji ya chumvi na maji ya kisima, wimbo huo ndio anaoutaka, lakini hiyo ni kazi nyingine.) Utajiri uliothibitishwa wa ukanda huu ni gesi, ambayo haitafutwi hivi: AGIP waliipata Mnazi Bay, ng'ambo ya mto, mwaka 1982, na tangu 2010 ikagunduliwa kwa wingi mkubwa sana baharini mbele ya Palma.

Kinachoweza kufuatiliwa kwa mguu kwenye pwani ya namna hii ni mchanga mzito. Kila anayeishi ufukweni ameona mistari myeusi inayobaki bahari ikikupwa. Ndani yake huweza kuwa na magnetaiti, ilmenaiti, rutaili, zirkoni na punje za monazaiti. Monazaiti ina toriamu, na toriamu huonekana kutoka angani. Moma, mkoani Nampula, Kenmare wanachimba mchanga huo tangu 2007. Kwale, Kenya, Base Titanium walichimba kuanzia 2013 hadi mwisho wa 2024. Lakini doa la toriamu nalo si ahadi, kwa sababu udongo mwekundu wa laterita hubakiza toriamu baada ya mvua kuosha vingine, na ukaonekana vilevile kwenye ramani.

Namna ya kuyatofautisha madoa hayo ni ya kizamani. Unazamisha kekee ya mkono mchangani, mita moja kwa wakati, unamwaga kila mita kwenye mfuko wake. Unachukua kiasi kwenye karai, unatia maji, unazungusha. Mkono uliozoea hauharakishi, unaacha karai liiname kidogo tu, na mchanga mweupe unatoka ukingoni taratibu huku mkia mweusi ukibaki. Unakausha mkia ule juani kwenye bati. Kisha unaifunga sumaku ndani ya mfuko wa plastiki na kuipitisha juu. Magnetaiti inaruka yenyewe. Ilmenaiti haitaki sumaku ya kawaida, inabaki chini ikimeremeta nyeusi. Ukivuta plastiki, magnetaiti inadondoka upande wake. Kilichobaki unakitazama kwa lenzi: punje zisizo na rangi huenda ni zirkoni, za njano au kahawia ya asali huenda ni monazaiti. Kwa sumaku, karai na lenzi mtu anaweza kusema jioni ileile kama kuna sababu ya kurudi kesho, na nimewasikia wazee wa kazi wakikadiria asilimia kwa jicho, kisha maabara ikaja na jibu lisilotofautiana sana.

Sampuli za udongo za barani zina miiko yake. Anayetafuta dhahabu huvua pete ya ndoa kabla ya kugusa chekeche, kwa kuwa chembe isiyoonekana kutoka kwenye kidole inaweza kuzaa mgodi wa uongo kwenye karatasi za maabara. Udongo wa juu wenye majani huondolewa, huchukuliwa ule wa chini yake. Kila baada ya sampuli kadhaa hupenyezwa moja ya kurudia na moja ambayo jibu lake linajulikana, ili maabara nayo ipimwe. Vichuguu havipitwi. Mchwa hushuka chini kutafuta maji na kupandisha punje za vilivyolala huko. Jwaneng, Botswana, almasi iligunduliwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 chini ya mchanga wa Kalahari wa makumi ya mita, na mchwa ndio waliokuwa wamepandisha punje zilizowaongoza watu. Mzee yeyote wa kijiji anajua kichuguu kipi ni chekundu na kipi ni cheupe, na anayemuuliza hupunguza wiki nzima ya kutangatanga.

Kuuliza huko nako ni sehemu ya ufundi, hata kama hakufundishwi chuoni. Timu inayoingia kijijini bila hodi hukuta vigingi vimeng'olewa asubuhi, na ni haki yao waliong'oa. Unakwenda kwa mwenyekiti au, ng'ambo ya mto, kwa régulo, chifu wa jadi. Unasema shikamoo na kuketi. Unaeleza kwamba mkuza utapita karibu na shamba la mihogo la fulani na kwamba kila shina litakalokatwa litalipwa. Mzee atakusikiliza mpaka mwisho, kisha atauliza swali ambalo huna jibu lake: "Na mkipata, sisi tutakwenda wapi, mwanangu?" Mtafutaji mwaminifu husema hajui, na kwamba mara nyingi hawapati. Jibu hilo ni la kweli kuliko wanavyodhani wote wawili.

Cabo Delgado ina ugumu wake zaidi. Msumbiji ilitangazwa kuwa haina tena mabomu ya ardhini mwaka 2015 tu, na kabla ya hapo kukanyaga nje ya njia kulihitaji moyo mwingine. Miaka miwili baadaye, Oktoba 2017, mashambulizi yakaanza Mocímboa da Praia, na Machi 2021 yakafika Palma, watu wakakimbia kwa miguu na kwa mashua, wengine wakielekea Ruvuma. Ndege yaweza kupita juu ya nchi yenye vita. Mguu hauwezi. Ramani za angani za eneo hilo zipo, na mengi ndani yake bado hayajaulizwa.

Kinachonivutia zaidi ya vyote ni namna kazi hii inavyolipokea jibu la hapana. Madoa mengi ya ndege yakifuatiliwa huwa si kitu: laterita, kinywe chembamba kisicholipa, udongo wa chumvi, bati. Fundi mzuri haoni haya. Anaandika doa namba fulani lilikaguliwa, mikuza mingapi ilikatwa, nini kilionekana, kwa nini limefungwa, na anaweka sampuli yake mfukoni kama ushahidi. Ripoti ya hapana iliyoandikwa vizuri inamwokolea anayefuata mwaka mzima na mashimo ya kuchoronga yanayokula fedha nyingi. Lakini wanahisa hawaipendi, magazeti hayaichapi, na hakuna mkutano wa uwekezaji utakaomwita mtu jukwaani kwa kuthibitisha kwamba pale hapana kitu.

Tanzania sasa inajiandaa kuruka tena. Kwa mujibu wa Wizara ya Madini, ni asilimia 16 tu ya nchi iliyokuwa imepimwa kwa ndege kwa undani unaotakiwa leo pale Waziri Anthony Mavunde alipotangaza nia ya kufikisha asilimia 50 ifikapo 2030. Ni jambo jema. Litazalisha maelfu ya madoa mapya, na kila doa litahitaji watu wa kulitembelea wakiwa wameacha funguo na simu kambini. Kwa hiyo nina maombi mawili. Kwa wanaopanga bajeti: fedha za kurusha ndege zisipitishwe bila fedha za mikuza, sampuli na mishahara ya wanaotembea. Na kwa mzazi mwenye kijana anayesoma jiolojia, Dar es Salaam, Dodoma au Maputo: mwambie aende Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini pale Dodoma, aombe ripoti za zamani za utafiti wa miguu, na aanze na zile zilizosema hapana.